Nani wa Kusimamisha Kazi?

Tarehe 1 Desemba 1898, treni iliyokuwa ikipita ilikuta watu wamejitupa juu ya reli pale Tsavo. Walikuwa mamia, vibarua wa Kihindi walioletwa kujenga reli ya Uganda. Dereva alipofunga breki, wakaparamia mabehewa, wakarusha ndani mabunda yao, na garimoshi likaondoka nao. Nyuma yao daraja la mto Tsavo lilibaki na nguzo zake nusu nusu, bila fundi.

Kisa chenyewe kinajulikana dunia nzima kwa sababu ya simba. Kwa karibu miezi tisa madume wawili wasio na manyoya ya shingoni walikuwa wakiingia kambini usiku, wakiruka maboma ya miiba na kuwavuta watu kutoka ndani ya mahema, hata wagonjwa wa hema la hospitali. Mhandisi wa daraja, John Henry Patterson, aliwaua Desemba hiyo hiyo, mmoja tarehe 9 na mwingine tarehe 29, na ngozi zao baadaye zikauzwa kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, ambako wamejazwa na kusimamishwa hadi leo. Hollywood ikafanya filamu. Patterson akawa shujaa.

Vibarua waliolala relini hawakupata filamu, ingawa sehemu yao ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mtu wa ujenzi. Walimwambia Patterson waziwazi kwamba mkataba waliotia saini India ulikuwa wa kufanya kazi ya serikali, kuliwa na simba haukuwamo. Wengi wakaondoka. Waliobaki waligoma kugusa daraja, na kwa muda wa wiki tatu hivi kazi iliyofanyika Tsavo ilikuwa moja tu: kujenga mahali salama pa kulala. Vitanda vilipandishwa juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa na juu ya vyuma vya daraja. Wengine walichimba mashimo ndani ya mahema yao na kuyafunika kwa magogo mazito. Kila mti mkubwa kambini ulifungwa vitanda kadiri matawi yalivyoweza kubeba, na pengine zaidi: Patterson mwenyewe anasimulia kwamba usiku mmoja watu walijazana juu ya mti mmoja hadi ukaanguka nao karibu na simba wale wale waliokuwa wakiwakimbia. Bahati yao, simba walikuwa tayari wameshika mtu mwingine.

Kwa hiyo hatua ya usalama iliyofanya kazi Tsavo kabla simba hawajafa ilitokana na vibarua kukataa kuendelea. Mwajiri alikuwa na miezi mingi ya kujenga vibanda vile. Alivijenga treni iliposimamishwa.

Hata idadi ya waliokufa inafundisha jambo. Patterson aliandika kwamba Wahindi 28 waliliwa, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna rekodi yao iliyowekwa. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao na kuchapisha matokeo mwaka 2009 walikadiria watu wapatao 35. Lakini simba walikuwa tone katika bahari. Reli hiyo, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria Desemba 1901, ilitumia Wahindi karibu 32,000 wa mkataba, na hesabu ya serikali ikaandika vifo vyao 2,493, yaani watu wawili hadi watatu kwa kila kilomita ya njia. Wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa hawajiwezi. Malaria, kuhara damu, madonda ya miguu na funza viliua na kulemaza kuliko meno yoyote. Wahindi walikuwa na mikataba, na mtu mwenye mkataba akifa lazima kuna karani atakayefuta jina. Wapagazi na vibarua Waafrika waliobeba mataruma na kufyeka vichaka hawakuwa na daftari. Ndiyo maana hadi leo hakuna anayeweza kusema walikufa wangapi.

Sheria ilikuja polepole, na ilikuja ikiwa imevaa sura ya Uingereza. Mnamo 1950 Tanganyika ilitungiwa sheria ya viwanda, na jirani yake Kenya vivyo hivyo, ikaanza kutumika huko 1951. Ni sheria za mashine zenye vifuniko, boila zinazokaguliwa na milango ya kutokea moto. Kiwanda hukaa mahali pamoja, kina geti na mwenye nacho anajulikana. Mjengo huhama. Leo ni shimo, mwezi ujao ni nguzo, mwakani ni duka la mtu, na wale waliochimba shimo hawamjui aliyepiga rangi. Kenya ilingoja hadi 1984 kupata kanuni zinazohusu shughuli za ujenzi peke yake, zenye kuzungumzia majukwaa, mitaro, ngazi na vyombo vya kunyanyulia mizigo. Tanzania iliunda Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, mwaka 2001, ikatunga sheria mpya 2003 kufuta ile ya 1950, na kanuni mahususi za sekta ya ujenzi zikafuata 2015.

Katikati ya miaka hiyo ilipita kazi kubwa kuliko zote, Reli ya Uhuru. Reli hiyo, TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilianza 1970 na njia ikakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa ndicho chenye kuvunja mgongo: milima, mabonde yenye tope na mvua isiyokatika, ambako ilibidi kutoboa mahandaki na kuinua madaraja karibu kila baada ya kona. Maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia walijifunza kazi pale pale, kwa kumtazama Mchina akifanya na kumwiga, kwa sababu lugha ya pamoja haikuwapo. Fundi alishika nyundo, akaonyesha, akamkabidhi kijana. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli darasani.

Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliofariki katika miaka ya mradi na ya misaada iliyofuata. Yamepangwa safu kwa safu, kila moja na jina lake, na viongozi wakuu wa China wakija Tanzania hupelekwa kuweka mashada. Ni heshima inayostahili. Watanzania na Wazambia waliokufa kwenye njia ile ile hawana mahali pamoja pa kuwekewa shada.

Baada ya reli likaja ghorofa. Kuanzia miaka ya 1990, uchumi ulipofunguliwa na ardhi ya mjini ikapanda bei, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilianza kurefuka kwenda juu kwa kasi ambayo manispaa hazikuwa na wakaguzi wa kuifuata. Hapa ndipo hatari ilipobadilika sura.

Ili kuielewa, yafaa kumtazama kibarua siku ya kumwaga zege. Asubuhi, vijana hukusanyika getini au kijiweni. Nyapara huwatazama mikono na mabega, huchagua, humaliza. Aliyechaguliwa hapewi mkataba. Jina lake huandikwa kwenye daftari la mkono ili alipwe jioni, na kesho daftari huanza upya. Mchanganyaji huunguruma tangu alfajiri, kokoto na mchanga vikipimwa kwa karai, maji yakiongezwa kwa jicho kila zege likionekana gumu kuvutwa. Kila maji yanayozidi huondoa nguvu, lakini zege jepesi humwagika haraka, na mwenye jengo analipa kwa siku. Msururu wa watu hupanda ngazi za mbao, karai kichwani, hadi juu ambako nondo zimefungwa na mbao zimetandikwa. Chini ya mbao hizo kuna mirunda, msitu mzima wa miti iliyosimamishwa wima, iliyobeba uzito wote mpaka zege lijibebe lenyewe.

Kujibeba huko kuna kalenda. Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu iliyokusudiwa baada ya siku 28. Siku ya saba huwa na takriban theluthi mbili tu. Mhandisi makini hujaza vibweta vidogo vya sentimita 15 kwa 15 kutoka kila mchanganyo, kisha huvipeleka maabara vikapondwe siku ya saba na ya 28 ili ajue alichomwaga ni zege au uji. Asiye makini hung'oa mirunda ghorofa ya pili ili akaitumie ya nne, kwa sababu miti ni ghali na mpangaji wa duka la chini amekwisha kulipa kodi ya mwaka.

Kijana mwenye karai kichwani hajui lolote kati ya haya. Anachokijua ni kwamba mguu ukiteleza ataanguka. Na ni kweli, kuanguka kutoka juu ndiko kunakoua wengi katika kazi hii popote duniani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria miaka ya 2000 kwamba ujenzi huua watu wasiopungua 60,000 kila mwaka, sawa na mmoja kila dakika kumi hivi. Kofia ngumu, buti na mkanda vingeokoa sehemu kubwa yao. Lakini hakuna kofia iliyotengenezwa kwa ajili ya ghorofa nne.

Jumatatu ya tarehe 23 Januari 2006 mchana, jengo la ghorofa tano lililokuwa bado likijengwa Nyamakima, katikati ya Nairobi, liliporomoka likiwa na mamia ya watu ndani, wengi wao vibarua. Watu wasiopungua 14 walikufa na wengine kwa makumi wakajeruhiwa. Taarifa za siku hizo zilizungumzia haraka: ghorofa ziliongezwa kabla zege la chini halijakauka. Wapita njia walianza kufukua kwa mikono na sururu, na kwa kuwa nchi haikuwa na kikosi chenye vifaa vya kutafuta watu chini ya kifusi, wanajeshi waokoaji waliruka kutoka Israel kuja kusaidia.

Mwaka uliofuata Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na pamoja nayo sheria ya fidia kwa walioumia kazini. Ni sheria ndefu, ila kifungu cha 14 kinastahili kusomwa taratibu. Kinasema mfanyakazi akiona jambo analoamini kwa sababu za haki kuwa ni hatari kubwa au ya karibu, amweleze msimamizi wake, na kwamba mwenye eneo la kazi haruhusiwi kumtaka arudi hapo hadi hatari iondolewe. Kifungu cha 9 kinataka kamati ya usalama kila palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Kisha mwaka 2011 ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yenye kazi ya kusajili makandarasi na kuwatambua mafundi na wasimamizi wa mijengo kwa kadi.

Kwenye karatasi, basi, haki ya kusema "sirudi mpaka parekebishwe" ilikuwa imeandikwa kwa wino wa serikali. Lakini ina mlango mwembamba. Ili mtu atumie haki ya kutorudi kazini lazima awe na kazi ya kurudia. Kibarua wa siku akikataa kupanda saa nne asubuhi, saa nne na dakika tano kuna mwingine getini mwenye njaa ile ile. Na ili aone hatari "kwa sababu za haki" lazima kwanza awe amefundishwa kuitambua: mpasuko wa nywele kwenye nguzo, mrunda uliopinda, mtaro wa mita mbili usio na mbao za kuzuia udongo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, karibu sawa na gari dogo, na humwangukia aliyechuchumaa chini bila mlio wa kumtahadharisha.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, ilikuwa zamu ya Dar es Salaam. Saa mbili na nusu hivi asubuhi jengo la ghorofa 16 lililokuwa likikaribia kumalizika mtaa wa Indira Gandhi lilishuka lote kwa pamoja. Ilikuwa sikukuu, ofisi zimefungwa, mitaa ya Kisutu imetulia, lakini mafundi walikuwa kazini. Kando yake kulikuwa na uwanja wa msikiti ambako watoto walikuwa wakicheza. Miili 36 ilitolewa katika siku zilizofuata: mafundi, vibarua, wapita njia na watoto. Waliotolewa wakiwa hai hawakufika 20. Rais Jakaya Kikwete alifika mwenyewe kwenye kifusi, na watu kadhaa wakakamatwa. Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa kibali: iliripotiwa kwamba kiliruhusu ghorofa 10.

Tofauti hiyo haifichiki kama ufa wa ndani ya nguzo. Ghorofa sita huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ghorofa ya 11 ilipoanza kusukwa nondo palikuwa na mwenye jengo, mkandarasi, mshauri na manispaa, wote wakiwa na uwezo wa kuhesabu hadi kumi. Kila aliyepanda na karai siku ile alipanda juu ya idadi ambayo wakubwa wake walikwisha kukubaliana nayo au kuinyamazia. Kando ya jengo lililoanguka lilisimama jengo pacha, likaamriwa livunjwe, na miaka ikapita likiwa bado limesimama.

Huruma, Nairobi, usiku wa mvua wa tarehe 29 Aprili 2016, walikufa wapangaji wapatao 50 katika jengo lililokuwa limekwisha kuwekewa alama ya kuvunjwa. Wao hawakuwa vibarua hata kidogo. Uzembe wa siku ya zege una subira, humngoja mpangaji.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lililojaa maduka liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, wateja wakiwa ndani. Taarifa za mwanzo zilieleza kwamba chini kulikuwa na kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya ardhini wakati juu biashara ikiendelea. Kwa siku kadhaa waokoaji walizungumza na watu waliokuwa wamenaswa chini, wakawapitishia maji, glukosi na oksijeni. Karibu watu 30 walipoteza maisha. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo.

Tume si kitu kigeni mjini humo. Mwaka 2006 pia, jengo lilipoanguka Dar es Salaam, Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, aliunda tume ya kukagua maghorofa ya jiji. Wataalamu walikagua, wakaandika, wakakabidhi. Miaka saba baadaye ndipo Indira Gandhi.

Mafunzo nayo hayakukosekana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, hufundisha waashi na wafunga nondo tangu miaka ya 1990. OSHA hutoa kozi za huduma ya kwanza, za kazi za juu, za wawakilishi wa usalama. Kampuni kubwa zinazojenga madaraja na reli ya kisasa hukusanya wafanyakazi asubuhi kabla ya zana kuguswa, dakika kumi za kuelezana hatari ya siku hiyo, nani yuko chini ya kreni, wapi pamechimbwa. Asiye na kofia hapiti getini. Hayo ni mambo yanayowezekana katika hali ya hewa hii hii na kwa vijana hawa hawa.

Pengo liko kwenye mjengo wa katikati, ghorofa nne hadi kumi, wa mtu binafsi mwenye haraka, ambako mkandarasi aliyesajiliwa ametoa muhuri tu na kazi inaendeshwa na nyapara. Pale hakuna wa kufundishwa kwa sababu hakuna aliyeajiriwa, na yule mwenye mamlaka ya kusema "simameni" ndiye anayelipwa kazi ikiisha mapema. Ukimfundisha saidia fundi kuvaa mkanda ukamwacha mwenye jengo aongeze ghorofa sita, umemwandaa vizuri kwa ajali isiyo yake. Wa kuanza kufundishwa, na wa kuanza kutozwa faini, ni huyo mwenye jengo.

Mkaguzi wa manispaa hawezi kuwa kila mtaa, lakini mpita njia yuko. Kila mjengo halali unapaswa kuwa na bango mbele yake lenye jina la mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi na namba zao za usajili. Ukipita leo mahali panapomwagwa zege, lisome, kisha hesabu ghorofa. Bango likikosekana, au ghorofa zikizidi kibali, peleka habari manispaa na OSHA kabla mirunda ya chini haijang'olewa.